Goti lililounganishwa, na mteremko wa Kilimanjaro

SWALI: Ndugu Mshauri, salaam. Mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Morogoro, mwenye umri wa miaka 43. Mwaka juzi nilipata ajali ya bodaboda, nikavunjika mfupa wa muundi karibu kabisa na goti, na kano ya mbele ya goti hilohilo ikakatika. Niliwekewa chuma na skrubu, kisha baadaye nikatengenezewa kano mpya kutokana na ukano wa nyuma ya paja. Sasa umepita mwaka na miezi miwili tangu upasuaji huo wa pili, na daktari ameniambia kuwa mfupa umeunga vizuri. Kabla ya ajali nilizoea safari ndefu za milimani, na wenzangu wananialika tupande Kilimanjaro kwa njia ya Machame Januari ijayo. Kwenye tambarare natembea bila shida, ila ngazi za shuleni bado nazishuka nikiwa nimeshika ukuta. Je, niende?

JIBU: Dada yangu, pole kwa yaliyokupata. Jibu umekwisha kulitoa mwenyewe ulipotaja ngazi: Januari usiende, bali anza sasa kujiandaa kwa msimu unaofuata.

Picha ya eksirei huonyesha mfupa. Haionyeshi kama paja lako lina nguvu za kuuzuia mwili usiporomoke. Katika kupanda, kinacholemewa zaidi ni mapafu na moyo, lakini katika kushuka misuli ya mbele ya paja hulazimika kufanya kazi ya breki, ikirefuka huku imebeba uzito wote, hatua baada ya hatua kwa saa nyingi. Baada ya jeraha kama lako misuli hiyo hunywea, na matembezi ya tambarare, hata yawe marefu namna gani, hayatoshi kuirudisha. Kano mpya nayo hudhoofika kwanza kabla ya kuimarika, kwa kuwa mwili huijenga upya taratibu. Ndiyo maana wagonjwa huzuiwa kurudi kwenye michezo ya kujipindapinda kabla ya miezi 9. Wewe muda huo umeupita, lakini kalenda pekee si kipimo. Mwombe mtaalamu wa fiziotherapia apime nguvu za miguu yote miwili. Wengi hutaka mguu ulioumia ufikie walau asilimia 90 ya ule mzima. Nyumbani, simama kwa mguu huo kwenye kidato kifupi mbele ya kioo, ushushe kisigino cha mguu wa pili polepole hadi kiguse sakafu. Goti likiingia ndani au nyonga ikilala upande mmoja, bado.

Kuhusu njia, sikubaliani na wenzako. Wanaopanda kwa Machame hushukia Mweka, na siku ya kilele hutoka Uhuru, mita 5,895, hadi kambi ya Mweka iliyo kwenye mita 3,100 hivi, yaani mteremko wa karibu mita 2,800 baada ya usiku usio na usingizi. Marangu, ambayo wajuaji huibeza kwa kuiita njia ya Coca-Cola, hukurudisha Horombo, mita 3,720, na huko unalala kitandani ndani ya kibanda. Changarawe za juu ya Kibo zinateleza, hilo halikwepeki, lakini jumla ya mteremko wa siku hiyo ni ndogo. Omba siku moja ya ziada Horombo ili mwili uzoee hewa nyepesi.

Mazoezi unayo mlangoni. Njia ya Morningside kwenye Uluguru inakufaa sana, mradi ukumbuke kuwa unachokitafuta huko ni mteremko. Anza na sehemu tu ya njia, ukiwa na fimbo mbili, na wakati wa kushuka uzirefushe kidogo. Kesho yake asubuhi litazame goti: likiwa limevimba, rudi kwenye umbali wa awali, hata kama halikuumi. Likitulia, ongeza umbali, kisha ujaribu siku mbili mfululizo, maana Kilimanjaro haikupi siku ya kupumzika baada ya kilele. Usimeze diklofenaki ili uweze kushuka, kwani maumivu yakifichwa utaendelea kulikanyagia goti lililokwisha kuchoka.

Jambo la mwisho, muulize daktari wako wa upasuaji kama anakusudia kukitoa kile chuma. Kikitolewa, matundu ya skrubu huuacha mfupa ukiwa dhaifu kwa muda. Basi tarehe ya kutoa chuma ijulikane kwanza, ndipo ulipie safari.