Kabla Hujanunua Upinde wa Zamani

Juzi msomaji mmoja aliyeko Ohio amenitumia picha ya upinde wa rikavu, yaani ule ambao ncha zake zimejikunja kuelekea mbele, alioukuta kwenye mnada wa vyombo vya marehemu. "Kaka, huu ni wa 1953, pauni 55. Niuchukue?" Pauni hizo ni nguvu inayotakiwa kuuvuta. Nimemwambia auache. Maswali kama haya yananijia kila mara, kwa hiyo leo najibu kwa kirefu.

Kwanza huo mwaka. Pinde nyingi za kampuni ya Bear, zile za Grayling, Michigan, kabla kiwanda hakijahamia Gainesville, Florida, mwaka 1978, zimeandikwa "Canada 1953". Huo ni mwaka wa hataza ya Kanada, wala hauonyeshi upinde ulitengenezwa lini. Tazama kile kisarafu cha nembo juu ya mshiko. Kikiwa kimelala sawa na mbao, kidole kikapita bila kukwama, upinde ni wa kabla ya 1973 hivi. Kikiwa kimeinuka, ni wa baadaye. Anayekudai bei ya 1953 muonyeshe hilo, kisha nyamaza.

Mimi nilishaumizwa. Muuzaji wa mtandaoni aliniuzia upinde akaapa ni mzima kabisa. Nilipoutia kamba, mkono wa chini wa upinde, yaani ile sehemu inayopinda chini ya mshiko, ulikuwa umejisokota, kamba inakimbilia ukingoni. Hakurudisha hela, na ujumbe wangu wa mwisho hakuujibu. Hadi leo nikikumbuka moyo unafukuta. Tangu hapo sitoi hata senti kabla sijapata picha ya upinde ukiwa na kamba, imepigwa kutoka nchani, ili nione kamba inapita katikati ya mikono yote miwili. Wako wanaotia kamba kinyumenyume kwa sababu rikavu isiyo na kamba hujikunja kuelekea mbele. Upinde uliotendewa hivyo, mikono yake ukaikague mara mbili. Ukiwa nao mkononi, upitishie pamba. Panaponasa nyuzi pana ufa. Mistari myembamba inayofuata urefu wa faibaglasi mara nyingi haina neno, lakini ufa unaokata mkono kwa upana, au gundi iliyoachia, hapo ondoka.

Sasa pauni, na hapa nitasema bila kuficha. Wanaume tunapenda namba kubwa. Kwenye uwanja ninakofanyia mazoezi, walipojua natoka Tanzania walidhani nimezaliwa na upinde mkononi, wakanipa mzito kuliko wote. Nilikataa, nikachukua wa pauni 35, wakacheka. Jumamosi iliyopita, kwa upinde wangu wa Bear, Kodiak Hunter, wa inchi 60 na pauni 45, mishale yangu yote ya yadi 20 ilikaa ndani ya duara la kiganja, na waliocheka walikuwa wamesimama pale pale. Nimefurahi, sifichi. Nilifika pauni 45 kwa sababu nilianzia chini.

Tena uzito ulioandikwa hupimwa ukivuta inchi 28. Mwenye mikono mirefu anayefika inchi 30 anaongeza pauni mbili au tatu kwa kila inchi, kwa hiyo ile 55 ya msomaji wangu, kwa mtu kama huyo, ingekuwa pauni 60 hivi. Mtu anayetetemeka hafikishi kidole kwenye pembe ya mdomo, mahali pale pale kila mara, na bila hapo hakuna shabaha. Ndugu zangu, anzeni na 35. Nasema tena, 35! Misuli ya mgongo inajengwa polepole, bega likichanika linakuweka nyumbani msimu mzima.

Kamba iwe ya dakroni, yaani nyuzi za poliesta zinazonyumbuka kidogo. Kamba za kisasa zisizonyumbuka hupasua ncha za pinde hizi, kwa kuwa hazikuimarishwa kwa ajili yake. Anza na nafasi ya inchi 8 hivi kati ya mshiko na kamba, kisha ongeza au punguza kidogo kidogo mpaka kelele itulie. Usiachie kamba bila mshale hata kwa mzaha. Usitie kamba kwa kupitisha mguu ndani ya upinde, maana ndivyo mikono inavyosokotwa. Nunua ile kamba ya kupindia yenye vifuko, bei yake ni ndogo. Ukimaliza, toa kamba, ulaze upinde juu ya vigingi viwili, na usiuache ndani ya gari juani, kwa sababu joto hulegeza gundi.