Maswali na Majibu: Bendi ya juu ya NPR1 imepotelea wapi?

SWALI: Habari za kazi. Nachunguza NPR1, protini inayoongoza kinga ya mmea, kwenye majani ya Arabidopsis (mmea mdogo wa maabara). Nimesoma kwamba mmea usiposhambuliwa, protini hii hukaa nje ya kiini cha seli ikiwa imeshikamana katika makundi makubwa. Lakini kwenye jeli yangu, inayotenganisha protini kwa ukubwa, naona bendi (mstari wa protini) moja tu ya chini, nikipulizia asidi ya salisiliki (homoni ya kinga ya mmea) au nisipopulizia. Nakosea wapi?
– Mwanafunzi wa uzamili, Morogoro

JIBU: Anza kwa kukagua bafa unayochemshia sampuli. Bafa ya kawaida ya jeli ya SDS (sabuni inayokunjua protini) ina DTT au beta-merkaptoethanoli, na kazi ya kemikali hizo ni kuvunja vifungo vya salfa kwa salfa. Molekuli za NPR1 hushikamana kwa vifungo hivyohivyo, na sisteini (asidi amino yenye salfa) ya 82 na ya 216 zinahusika sana. Kile unachokitafuta unakivunja kabla hujakiona.

Ndani ya mmea kazi hiyo ya kuvunja vifungo hufanywa na protini iitwayo thioredoksini h5. Asidi ya salisiliki ikiongezeka, hali ya redoksi ya seli (uwiano wa kutoa na kupokea elektroni) hubadilika, vifungo vinafunguka, na molekuli mojamoja zinaingia kwenye kiini. NPR1 yenyewe haishiki DNA. Hushirikiana na protini za TGA zinazoishika. TGA1, mojawapo ya protini hizo, nayo ina kufuli lake: sisteini ya 260 na ya 266 zikifungana, NPR1 haiipati.

Rudia hivi. Jani likikatwa tu, litumbukize kwenye naitrojeni kimiminika, ulisage likiwa bado limeganda. Likikaa mezani, jeraha lenyewe hubadilisha redoksi. Bafa ya kusagia iwe ya pH 7 hadi 7.5, yenye kemikali ya NEM ya milimola 20 kwa lita. NEM huziba sisteini zilizo wazi ili zisifungane ovyo wakati wa kusaga. Iyeyushe kwa ethanoli siku hiyohiyo, maana kwenye maji haidumu, hasa pH ikipanda.

Kisha gawa sampuli mara mbili: nusu bila DTT, nusu na DTT ya milimola 100, ambayo inatosha kuizidi NEM iliyobaki. Zisikae jirani kwenye jeli. DTT husambaa pembeni na kuvunja makundi ya njia (safu ya sampuli) ya jirani; acha angalau njia moja tupu katikati. Wengi huliruka hili, halafu wanailaumu kingamwili ya kuitambulia NPR1.

Molekuli moja ina takriban kilodaltoni 66, na ikiunganishwa na GFP (protini inayong'aa kijani) hufika kama 93. Makundi hukwama juu kabisa, kwa hiyo tumia jeli nyepesi, na usiikate sehemu ya juu kabla ya kuhamishia kwenye utando. Bendi zote zikififia baada ya kupulizia, jaribu MG132, kizuizi cha proteasomu (mashine ya seli ya kuvunja protini): proteasomu huivunja NPR1 ndani ya kiini.

SWALI: Kwa nini mmea usiiache NPR1 wazi muda wote?
– Mwalimu wa biolojia, Eldoret

JIBU: Watafiti wamebadilisha sisteini ya 82 au ya 216, na NPR1 ikaingia kwenye kiini na kuwasha jeni za kinga bila kimelea chochote. Kinga hiyo hula nguvu ambazo mmea ungezitumia kukua. Ndiyo maana kuna njia ya kurudisha kufuli: naitriki oksaidi hujishikiza kwenye sisteini ya 156, na makundi yanaundwa upya.