Macho ya manjano na neno nililolikosea mara mbili

Nilikuwa na mimba ya miezi minane na kitu nilipoletewa ripoti ndefu ya Kiingereza niitafsiri. Ndani yake kulikuwa na wanakijiji waliokuwa wakiutazama mradi mpya wa maji kwa jicho lenye "jaundice". Kamusi yangu ndogo ilisema homa ya manjano. Nilikuwa nimechoka, miguu imevimba, nikaandika hivyo hivyo. Mhariri akanipigia simu huku akicheka: "Dada, hawa watu hawajachanjwa?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Waingereza husema hivyo wakimaanisha kulitazama jambo kwa mashaka. Homa ya manjano ni ugonjwa wenye kirusi chake, unaenezwa na mbu, na ndio unaotufanya tubebe ile kadi ya njano tukisafiri. Jaundice ni dalili tu. Chembe nyekundu za damu zikichakaa huacha rangi ya njano iitwayo bilirubini, na ini huiondoa kupitia nyongo. Damu ikivunjika kupita kiasi, ini likizidiwa au njia ya nyongo ikiziba, rangi ile hubaki mwilini, na mara nyingi utaiona kwanza kwenye weupe wa macho. Kwa mtu mzima sababu inaweza kuwa malaria kali, selimundu, homa ya ini, au mawe kwenye mfuko wa nyongo. Kwa hiyo ukifika zahanati usitaje jina la ugonjwa. Sema ulichokiona: macho yamekuwa ya manjano, tangu lini, na mkojo una rangi gani.

Sentensi ile niliiweka kiporo. Siku nne baadaye nikajifungua.

Mtoto alipotimiza siku tatu, mama mkwe alimwangalia akasema, "Mbona macho yana manjano?" Nikajibu ni taa. Chumba chetu kina balbu ya njano na ukuta wa rangi ya maziwa. Wifi yangu akadakia, "Hiyo ni homa ya manjano." Basi mimi, msomi wa siku saba, nikaanza kumfundisha tofauti ya homa ya manjano na dalili ya manjano. Nilimsahihisha lugha vizuri sana, na mtoto sikumtazama.

Asubuhi nilimtoa barazani. Nikamkandamiza kidogo kwa kidole kwenye paji la uso, nikaachia. Pale palipofifia palikuwa na unjano. Kifuani vivyo hivyo, na kwenye nyayo pia. Nikakumbuka kwamba tangu usiku alikuwa mzito kuamka na hakunyonya sawasawa. Tukakodi bajaji.

Watoto wachanga wengi, kama 60 katika kila 100 waliotimiza miezi yao, hupata unjano kiasi wiki ya kwanza kwa sababu ini lao bado halijazoea kazi, na kwa wengi huisha wenyewe wakinyonya vizuri. Lakini ukitokea ndani ya saa 24 za mwanzo, au ukifika viganjani na kwenye nyayo, au mtoto akilegea na kukataa ziwa, usingoje kesho. Bilirubini ikizidi huingia kwenye ubongo, na inaweza kumwachia uziwi au ulemavu wa viungo. Kama unjano umepita wiki mbili na choo ni cheupe kama udongo wa mfinyanzi, hapo njia ya nyongo inashukiwa, mrudishe.

"Mwanike juani" niliambiwa na kila mtu. Wazee hawakubahatisha. Miaka ya 1950, huko Rochford nchini Uingereza, muuguzi Jean Ward alikuwa akiwatoa watoto nje, ikaonekana ngozi iliyopigwa na jua imepungua unjano kuliko iliyofunikwa. Taa za buluu za leo, zinazotibu unjano hospitalini, zilitokana na hilo. Ila jua halina kipimo: mtoto huungua au hupata baridi, na wewe unapoteza muda. Wangu alilala siku mbili chini ya taa, uchi na nepi yake, macho yamefungwa kitambaa.

Muuguzi akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: nguo za mtoto zilihifadhiwa na nini? Zilikuwa za kurithi, zimekaa sandukuni na naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuzia wadudu. Kipimo kikaonyesha mtoto ana upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, jambo ambalo si geni kwenye maeneo ya malaria, na kwa mtu kama huyo naftalini huvunja damu. Nguo za mtoto zifue, zianike, na vidonge hivyo viweke mbali.

Usiku wa pili, nikiwa nimekaa kando ya ile taa, nikairudia sentensi yangu. Mshairi wa Kirumi Lucretius aliamini kwamba mwenye manjano huona kila kitu kina manjano. Si kweli, lakini Waingereza wakaupata msemo wao humo. Sisi kwetu nyongo hutemwa, haikai machoni. Kijicho nacho ni husuda, na wanakijiji wale hawakuwa na husuda. Walikwisha kuchangishwa fedha na mradi mwingine na maji hawakuyaona. Safura, neno lililotoka kwenye njano ya Kiarabu, kwetu limeshahamia kwenye minyoo.

Nikaandika kwenye simu, mkono mmoja, kwamba wanautazama mradi kwa jicho la aliyetafunwa na nyoka, akiona unyasi hushtuka. Safari hii mhariri hakupiga simu.