Kabla Hujampa Wakala Hela ya Viza

Juzi msomaji wa Mwanza kaniandikia kwamba amenyimwa viza ya Schengen, ile viza moja ya kuingilia nchi 29 za Ulaya. Euro 90 za maombi hazirudi, na sasa kuna wakala anamwambia alete hela nyingine "ampangie vizuri". Mdogo wangu, usimpe. Naandika kwa uchungu kwa sababu pigo hilo nalijua.

Dada yangu alipojifungua Hamburg, Ujerumani, niliomba kwenda kumsaidia kulea wiki chache. Nina duka la vitenge Kariakoo, lina leseni, kodi nalipa, wanangu wanasoma hapa hapa Dar. Pasipoti ikarudi tupu, pamoja na karatasi ya fomu yenye orodha ya sababu na vijisanduku. Kimoja kimetiwa alama: kuna shaka juu ya nia yangu ya kuondoka kabla viza haijaisha. Mimi! Mtu mwenye mzigo dukani, mkopo wa vikoba shingoni na mama mzazi anayenitegemea, eti niyatupe yote nikajifiche kwa dada. Niliisoma ile karatasi kwenye daladala mpaka nikapitilizwa kituo. Imo kabatini mpaka leo, na kila nikiiona inaniuma.

Nilipotulia nikazisoma kanuni zenyewe. Afisa anayepokea maombi hajawahi kufika Kariakoo. Sheria inamtaka apime kama utarudi kwenu, na anachopimia ni karatasi ulizompa. Basi nilipoomba tena nikahakikisha kila karatasi inamwambia nina cha kurudia. Niliweka leseni, uthibitisho wa kodi, risiti za ada ya muhula unaofuata, na taarifa ya benki inayoonyesha mauzo yakiingia na kutoka kama kawaida ya dukani. Nikaweka vyeti vya kuzaliwa, changu na cha dada, jina la mama nimelipigia mstari kwa penseli pote pawili. Dada naye alikwenda ofisi ya wageni ya huko kwao akasaini hati ya udhamini wanayoiita Verpflichtungserklärung, akanitumia yenyewe halisi, maana kivuli hakitoshi. Juu ya yote nikaweka barua ya ukurasa mmoja niliyoiandika mwenyewe: nakwenda kwa nani, nalala wapi, narudi lini, duka nimemwachia nani. Viza ikatoka. Nilikwenda, nikambeba mtoto, nikarudi siku niliyoandika. Najivunia hilo, na sikumlipa wakala hata shilingi.

Mengine yako wazi. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu, iwe imetolewa ndani ya miaka 10, na ibaki hai miezi 3 baada ya kuondoka huko. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, hata kama ndege inatua kwingine. Ukipewa, unaweza kuzunguka nchi zote 29, ila usizidishe siku 90 katika kila siku 180, na usizidishe pia siku zilizoandikwa kwenye viza yenyewe.

Nataka tusikilizane kuhusu hela. Vijana wengi wanaazima mamilioni kwa mjomba, wanayaingiza benki wiki moja kabla ya kuomba, halafu wanashangaa kukataliwa. Afisa anaona akaunti iliyokaa na elfu ishirini mwaka mzima ikivimba ghafla, na hapo hata ukweli wako mwingine hauamini tena. Weka ulichonacho. Kama anayekugharimia ni mjomba, aseme hivyo kwa maandishi na aambatanishe taarifa yake ya benki. Na wakala akikuambia atakutengenezea barua ya kazi, mkimbie. Maombi yako na alama za vidole vinaingia kwenye mfumo ambao nchi zote za Schengen zinausoma, na kumbukumbu hukaa humo miaka 5. Ukighushi kwa Wajerumani, Wafaransa nao wataona kwamba ulikataliwa.

Wewe wa Mwanza, kaitoe tena hiyo karatasi uangalie kisanduku gani kimetiwa alama. Humo humo wameandika rufaa inapelekwa wapi na kwa muda gani. Kama ni kweli kuna karatasi ilikosekana, omba upya ukiwa nayo. Dirisha la maombi hufunguka miezi 6 kabla ya safari na mwisho ni siku 15 kabla, lakini usisubiri huko mwisho: jibu kwa kawaida huchukua siku 15, na wakitaka kuchunguza zaidi linaweza kufika 45. Tiketi ya kulipia kabisa iache kwanza, weka nafasi tu.