Maswali ya Wasomaji: Shira imezama au haijazama?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa fizikia hapa Goma, mtaa wa Himbi. Pamoja na mwenzangu tunaandika, kwa lugha ya Python, programu ya kuonyesha nyota zilipo juu ya mji wetu. Kila nyota ni objekti yenye sifa mbili za mahali. Mwenzangu amezipa sifa hizo majina lon na lat (longitudo na latitudo), sawa na zile za mahali pa mtazamaji, kwa hoja kwamba zote ni pembe juu ya tufe. Mimi napendelea ad na dec, yaani ascension droite na déclinaison, kama tulivyofundishwa kwa Kifaransa. Katikati ya Februari, saa tatu usiku, programu ilituambia kwamba Shira (Sirius), nyota ing'aayo kuliko zote za usiku, imekwisha kuzama magharibi, nasi tulikuwa tunaiona iking'aa karibu na utosi. Je, ni majina yapi yanayofaa, na je, kosa letu limetokana nayo?

JIBU: Ndugu yangu, nianze na kosa, maana ndilo linalofungua mengine. Mahali pa nyota kwa kawaida hutajwa kwa asensioni, yaani pembe inayopimwa kuelekea mashariki kando ya ikweta ya mbingu, na deklinasioni, yaani umbali wake kaskazini au kusini ya ikweta hiyo. Tangu zamani asensioni huandikwa kwa saa, kwa kuwa anga huonekana kutuzunguka: saa 24 ni duara zima, na saa moja ni digrii 15. Asensioni ya Shira ni saa 6 na dakika 45, ambazo ni 6.75 kwa saa, lakini ni 101.3 kwa digrii. Naona wazi kwamba programu yenu ilipokea 6.75 ikaisoma kuwa digrii, ikaitafuta nyota zaidi ya robo ya duara upande wa magharibi, na huko, kwa saa mliyoitaja, pamekwisha kushuka chini ya upeo wa macho.

Jina lilichangia. Longitudo ya Goma, ambayo ni 29.2 mashariki, huandikwa kwa digrii siku zote, na kila anayekutana na lon hufikiri digrii bila kuuliza. Jina ra, kifupi cha asensioni kwa Kiingereza, lingemfanya msomaji asite, kwa sababu mtu wa fani hii anajua kwamba ra yaweza kuwa saa au digrii.

Mwenzako anasema kweli kwamba pembe ni pembe, na hesabu ya kugeuza mfumo mmoja kuwa mwingine haijali majina. Lakini anayesoma programu anajali. Shira hiyohiyo ina jozi 101.3 na -16.7 katika mfumo wa ikweta, 104.1 na -39.6 katika mfumo wa njia ya Jua, na 227.2 na -8.9 katika mfumo wa Njia Nyeupe. Zote tatu zinaweza kuitwa lon na lat bila kosa la kihisabati, na atakayezirithi baada yenu hatakuwa na njia ya kutambua ni ipi aliyoshika. Mwachieni mtazamaji lon na lat zake. Nyota ipewe ra na dec.

Kuhusu ad, sina neno juu ya Kifaransa, ambacho ndicho kilichotufundisha wengi wetu. Hata hivyo katalogi ya nyota ya Gaia huziita safu zake ra na dec, na Astropy, maktaba ya Python ya elimu ya nyota, imechagua majina hayohayo. Kila mkivuta data kutoka huko mtalazimika kutafsiri, na kila tafsiri ni mlango wa kosa. Andikeni maelezo ya sifa kwa Kifaransa au, vizuri zaidi, kwa Kiswahili, na jina libaki lile ambalo data inakuja nalo.

Katika mfumo wa Njia Nyeupe wanajimu huandika l na b kwa longitudo na latitudo, na Astropy imewafuata. Ninazikubali herufi hizo pale tu zinapofuata nukta baada ya jina la nyota, kwa sababu l ikisimama peke yake ndani ya fomula hufanana na tarakimu 1, na mwongozo rasmi wa uandishi wa Python unakataza kuitumia kama jina la kigeu.

Vipimo navyo visiachiwe kumbukumbu ya mtu. Kama thamani ni namba tupu, jina libebe kipimo: ra_deg. Njia ninayoipenda zaidi ni namba kuambatana na kipimo chake ndani ya objekti, ili programu yenyewe ikatae saa pasipo kugeuzwa. Mwaka 1999 chombo cha anga cha Mars Climate Orbiter kilipotea kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazipokea kama vya metriki.

Jihadharini pia na alt. Kwa mtu wa Goma, na hasa aliyesoma kwa Kifaransa, neno hilo ni urefu juu ya bahari, ambao mjini kwetu ni mita 1,500 hivi. Kwa mnajimu ni pembe ya nyota juu ya upeo wa macho. Sifa ya mtazamaji iitwe urefu_m, na alt iwe ya nyota pekee. Mwenzi wake, az, yaani pembe ya mwelekeo kwenye upeo wa macho, ina shaka ya aina nyingine: wengi huipima kutoka kaskazini kupitia mashariki, lakini wako walioipima kutoka kusini. Hapo Himbi mna kipimo kizuri. Tazameni Nyiragongo, ambao uko kaskazini yenu, ukielekea mashariki kidogo, kisha chagueni nyota iliyo juu ya kilele chake. Programu ikiipa az ndogo, mnapima kutoka kaskazini. Ikiipa namba inayozidi 180 kidogo, mmepima kutoka kusini, na maelezo ya sifa hiyo lazima yaseme hivyo.