Wadogo zangu wa mwaka wa nne, R-mraba ya 0.93 isiwalevye

Kila msimu wa miradi ni yale yale. Mtu anachukua bei ya dola na faharasa ya bei za bidhaa, mwezi kwa mwezi, anaendesha regresheni (kukisia mstari unaounganisha viwili hivyo), anapata R-mraba, yaani sehemu ya mabadiliko inayoelezwa na mstari, ya 0.93, kisha anaandika kurasa tatu za ushauri kwa Benki Kuu. Anaingia kwa msimamizi anatabasamu, anatoka macho mekundu. Inauma kuwatazama, maana kosa lenyewe mlilisoma darasani.

1. Chora grafu kwanza. Mawimbi yakipanuka kadiri thamani inavyopanda, chukua logi (logarithimu).

2. Regresheni ya uongo. Hapa tukae. Mifululizo miwili isiyojuana kabisa, kila mmoja ukienda mwendo wake wa kubahatisha, ukiiweka pamoja huonekana ndugu wa damu. Wanauchumi Granger na Newbold walilionyesha hili mwaka 1974: kwa mifululizo ya vipindi 50, karibu robo tatu ya majaribio yalitoa uhusiano ambao haukuwapo. Jaribuni wenyewe leo usiku kwenye programu ya R: x <- cumsum(rnorm(50)), y vilevile, kisha lm(y ~ x). Rudia mara 100, uhesabu ni mara ngapi p (uwezekano wa kupata matokeo kama hayo kwa bahati tu) imeshuka chini ya 0.05.

Sababu ni kwamba t (kigezo cha kupima kama uhusiano ni wa kweli: kadirio gawanya kwa kosa sanifu lake) hudhani makosa hayategemeani, na hapa mabaki ya leo, yaani pengo kati ya data na mstari, yamebeba ya jana. Kosa sanifu linatoka dogo mno, t inavimba. Kinachoniumiza zaidi ni dawa mnayoikimbilia: mkiambiwa matokeo hayaaminiki, mnakwenda kutafuta data ya miaka kumi zaidi. Jamani, kwa mifululizo ya namna hii t huzidi kukua sampuli inavyokua! Mnamwagia moto mafuta. Tazameni Durbin-Watson, kipimo cha mabaki kubeba ya jana; ikiwa ndogo kuliko R-mraba, simameni hapo hapo.

Wapo wanaofika mbali kidogo, wakapima kointegresheni (mifululizo inayotangatanga lakini imefungamana kweli) kwa kuyapitisha mabaki kwenye ADF, jaribio la kupima kama mfululizo unatangatanga, halafu wanatumia mpaka wa kawaida wa -2.86. Sivyo. Mabaki hayo yametengenezwa na OLS, njia ya miraba midogo kabisa inayokisia regresheni, ambayo tayari imechagua mstari unaoyafanya yaonekane tulivu kadiri iwezekanavyo. Kwa vigeu viwili, pamoja na namba ya kudumu, mpaka wa jaribio la kointegresheni la Engle na Granger kwa asilimia 5 ni takriban -3.34. Ukipata -3.0, huna kointegresheni. Fanya kazi na tofauti za mifululizo (thamani ya kipindi hiki toa ya kilichotangulia), uandike hivyo bila aibu.

3. Nadharia tete ya kuanzia ya ADF ni kwamba mzizi-yuniti upo, yaani mfululizo unatangatanga bila kurudi kwenye wastani. Ya KPSS, jaribio jingine, ni kinyume chake. Endesha zote mbili. Zikigongana, ripoti mgongano, usichague inayokupendeza.

4. Msichukue tofauti mara ya pili kwa hofu tu. Otokorelesheni ya lagi ya kwanza (uhusiano wa kila thamani na ile iliyoitangulia) ikikaribia -0.5, huenda umepitiliza, rudi hatua moja.

5. Kwenye Ljung-Box (jaribio la kuona kama mabaki bado yanategemeana) ya mabaki ya ARMA, modeli yenye lagi p za mfululizo na q za makosa, fitdf, idadi ya vigezo vilivyokisiwa, iwe p + q. Ukiiacha sifuri, modeli mbovu itapita kirahisi. Na arima() ya R, d (mara ulizochukua tofauti) ikiwa 1, haiweki namba ya kudumu hata ukiiomba kwa include.mean. Kama mfululizo wako una mwelekeo, weka xreg = 1:n (kigeu cha nje cha kuhesabu vipindi, n ikiwa idadi yake), na siku ya utabiri upeleke newxreg inayoanzia n + 1.