Wasomaji Wanauliza: Namba ya Ubavuni na Namba ya Kiwandani

Wahariri, habari za kazi. Kwenye albamu ya marehemu babu kuna picha ya ndege ya East African Airways, injini nne ziko mkiani, imeandikwa 5H-MOG. Kwenye orodha za leo za ndege za Tanzania siioni. Ilikwenda wapi? – Msomaji, Mombasa

Ilibadilishwa jina. Hiyo ni Super VC10, tena ya mwisho kabisa kati ya VC10 zote 54 zilizojengwa. East African Airways waliipokea mwaka 1970. Shirika lilipovunjika mwaka 1977 ndege hizo zilirudi Uingereza, zikaishia mikononi mwa Jeshi la Anga la huko na kugeuzwa kuwa ndege za kuzijaza nyingine mafuta zikiwa angani. 5H-MOG ikawa ZA150. Mwezi Septemba 2013 iliruka kwa mara ya mwisho, ikatua Dunsfold, kusini mwa Uingereza, ihifadhiwe na Makumbusho ya Brooklands. Wenzake watatu ni 5H-MMT iliyokuwa ZA147, 5Y-ADA iliyokuwa ZA148 na 5X-UVJ iliyokuwa ZA149. Ya tano, 5X-UVA, ilipata ajali Addis Ababa mwezi Aprili 1972.

Umepotea kwa sababu umefuata herufi za usajili. Herufi hizo ni kama pleti ya gari: ndege ikihama nchi zinang'olewa, na baadaye zinaweza kupewa ndege nyingine kabisa. Kinachobaki ni namba ya kiwanda. Ya 5H-MOG ni 885, na ZA150 nayo ni 885. Kwa hiyo tumia herufi za pichani kuipata namba ya kiwanda tu, kisha ziache herufi uifuate namba.

Mambo mawili huwachanganya wengi. Kwanza, 5H ni Tanzania, 5Y ni Kenya na 5X ni Uganda, lakini shirika lilikuwa la nchi tatu na ndege zake ziligawanywa kwenye madaftari matatu. 5X haimaanishi ndege ilikuwa ikilala Entebbe. Pili, picha za enzi ya ukoloni zina herufi nyingine: VP-K kwa Kenya, VP-U kwa Uganda, VR-T kwa Tanganyika.

Ukikuta Dakota, ile Douglas ya zamani ya injini mbili, kwenye albamu hiyohiyo, jiandae kwa kazi zaidi, maana nyingi zilianzia jeshini. Wamarekani walipaka namba mkiani bila tarakimu ya kwanza ya mwaka: 42-92847 ilionekana kama 292847. Tena Dakota zilizotengenezwa Oklahoma City zina namba mbili za kiwanda. Andika zote mbili, zitenganishe kwa mkwaju. Ukiandika moja tu unaweza kuangukia ndege isiyo yako.

Nilipiga picha Cessna Caravan ikipaa, kwa kasi ya kamera ya 1/2000 ya sekunde. Ndege imetoka safi lakini propela imesimama kama imezimwa. Kwa simu ndiyo balaa, mapanga yamepinda kama ndizi. – Msomaji, Mwanza

Piga hesabu kidogo. Propela ya Caravan huzunguka hadi mara 1900 kwa dakika, yaani karibu mara 32 kwa sekunde. Kwa 1/2000 inasogea nyuzi 6 tu, ndiyo maana inaonekana imeganda. Kwa 1/250 inasogea nyuzi 46, na kwa 1/125 nyuzi 91. Panga zake ni tatu, zimeachana nyuzi 120, hivyo kwa 1/125 duara linakaribia kujaa. ATR 72, ndege ya abiria ya propela mbili, ikipaa huzungusha propela mara 1200 kwa dakika, yaani nyuzi 58 kwa 1/125. Kwa kuwa matoleo yake mapya yana mapanga sita yaliyoachana nyuzi 60, kasi hiyohiyo inaitosha.

Ubaya wa 1/125 ni mtikisiko. Simama miguu imepanuka, zungusha kiuno na si mikono, anza kuifuata ndege kabla haijafika mbele yako, piga mfululizo, na endelea kuifuata hata baada ya kuachia kitufe. Wengi husimama pale wanapobonyeza, na hapohapo picha inaharibika. Anza na 1/250, ukizoea, shuka. Kwenye jua kali la mchana na ISO 100, 1/125 itakulazimisha ubane lenzi hadi karibu f/16, na vumbi lote la kwenye sensa litajitokeza angani kama madoa. Chujio la polarizeshi linapunguza mwanga kiasi cha hatua moja na nusu hadi mbili (kila hatua ni nusu ya mwanga), livalishe lenzi ili usiibane sana.

Ila kabla ya kucheza na propela, piga fremu moja au mbili za 1/1000 kwa ajili ya namba. Kanuni za kimataifa zinataka herufi zisizopungua sentimita 30 ubavuni na 50 chini ya bawa la kushoto, kwa hiyo ukiikosa ubavuni, ipate ikipita juu yako.

Ya simu haina dawa ndani ya simu. Sensa yake husoma picha mstari kwa mstari, na panga linakuwa limeshahama kabla mstari wa chini haujasomwa.

Cherehani ya mama mkubwa ni Singer. Nimekuta namba tatu tofauti. Ya kweli ni ipi, na ni ya mwaka gani? – Msomaji, Morogoro

Ya kweli ni ile iliyogongwa juu ya kitako cha mashine, upande wa kulia, chini ya gurudumu la mkono. Namba uliyoiona chini ya kitako, nene na yenye kingo za mviringo, ilitoka kwenye kalibu: ni ya kipande cha chuma na mashine nyingi zinayo hiyohiyo. Ya tatu, kwenye kibati kilichobanwa shingoni, kama 15K, ni ya aina ya mashine. K ni Kilbowie, kiwanda cha Singer cha Clydebank, Uskoti, kilichofungwa mwaka 1980.

Namba isiyo na herufi mbele ni ya kabla ya 1900. Baada ya hapo huja herufi moja au mbili kisha tarakimu. Orodha za Singer huonyesha siku ambayo fungu la namba lilitolewa kwa kiwanda, si siku mashine yako ilipotoka. Ukiambiwa "Machi 1951", andika "1951 au baadaye kidogo" na usibishane na mtu.

Kuisoma: futa kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani. Spiriti na thina usiziguse, kwani rangi ya juu ya mashine za zamani ni shelaki, na spiriti huiyeyusha pamoja na maua ya dhahabu. Msasa ndio usithubutu kabisa. Zima taa ya simu, funga pazia, laza tochi pembeni karibu usawa wa chuma ili kila tarakimu itupe kivuli, kisha piga ukiwa sentimita 25 hivi na ukate picha baadaye. Ukisogea karibu zaidi baadhi ya simu hushindwa kulenga. Hamisha tochi upande wa pili upige tena. 3 na 8 hutofautiana kwenye picha ya pili, mara chache kwenye ya kwanza.

Kama ni Butterfly ya Kichina, orodha za Singer hazihusiki hata kama umbo ni lilelile.

Kwenye kichwa cha treni ya mvuke nilichopiga picha, namba ya ubavuni na zilizogongwa kwenye vyuma vya magurudumu hazilingani. Ni udanganyifu? – Msomaji, Nairobi

Hapana, ni karakana. Vyuma vinavyounganisha magurudumu viligongwa namba ya kichwa vilikofungwa mwanzo, kisha vikahamishwa wakati wa matengenezo. Boila nayo huhama. Kichwa cha aina ya Garratt ndicho zaidi, kwa kuwa boila yake imening'inizwa katikati ya sehemu mbili za magurudumu. Kwa hiyo kila namba iandike pamoja na mahali ilipo: "fimbo ya kulia, sehemu ya mbele".

Namba kubwa ya ubavuni ya East African Railways inasomeka hivi: mbili za mwanzo ni daraja, mbili za mwisho ni nafasi yake. 5918 Mount Gelai, iliyoko Makumbusho ya Reli Nairobi, ni ya 18 ya daraja la 59, ambalo Beyer, Peacock wa Manchester walilijengea vichwa 34. Utaratibu huo ulikuja baada ya 1948, na kabla yake vichwa vilikuwa na namba nyingine: 5711 ndiyo namba 87 Karamoja ya Kenya na Uganda Railway. Kinachounganisha namba hizo mbili ni bamba la kiwanda lenye jina, mji, namba na mwaka, na kumbukumbu za Beyer, Peacock ziko Makumbusho ya Sayansi na Viwanda, Manchester. Kukiwa na matundu ya skrubu bila bamba, piga picha ya matundu pia.

Picha zangu za ndege, nikipiga mchana toka mbali, zinacheza kama moshi. Je, ninahitaji lenzi kubwa zaidi? Na ruhusa? – Msomaji, Dodoma

Lenzi kubwa itakuza hayo mawimbi tu. Ni joto la lami. Njoo kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu asubuhi, au sogea karibu.

Ruhusa ni lazima. Viwanja vya ndege ni maeneo ya ulinzi: andika barua kwa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, taja tarehe, sehemu utakayosimama, kamera na lengo, na utembee na nakala yenye muhuri. Ndege za jeshi usizielekezee kamera.